CV ya maandishi, CV ya Canva, potifolio au LinkedIn: kipi kibebe jina lako?

Mtu akitaka CV mpya siku hizi, anaanzia kwenye ukurasa wa templeti. Anachagua yenye rangi aliyoipenda, anabandika picha, anajaza. Mimi ningeanzia upande wa pili: nani atalifungua faili hili mara ya kwanza, na atalifungulia kwenye nini? Ni programu inayochuja maombi? Ni karani mwenye printa ya wino mweusi? Au ni mteja aliyeshika simu akiwa kwenye foleni? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mwonekano utakubeba au utakuangusha, tena kabla hata mtu hajasoma umepita chuo gani.

Ninalinganisha njia nne zinazotumika zaidi kwetu: CV ya maandishi iliyopangwa kwa Word au Google Docs, CV ya rangi na michoro ya Canva (programu ya kubuni kurasa kwa templeti), potifolio, yaani mkusanyo wa mifano ya kazi zako, na ukurasa wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi. Hazilingani uzito, kwa hiyo sitazipa nafasi sawa.

CV ya maandishi

Hii ndiyo CV ambayo wabunifu huionea haya. Safu moja, herufi nyeusi, karatasi nyeupe, vichwa vilivyokolezwa, basi. Lakini kwa wingi wa milango inayoifungua, hakuna inayoifikia.

Chukua ajira za serikali Tanzania. Maombi hupita kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na matangazo yake husema wazi kwamba maombi yanayoletwa kwa njia nyingine hayatafikiriwa. Ndani ya mfumo unajaza mwenyewe elimu na uzoefu kwenye visanduku vilivyopangwa, kisha unaambatisha vyeti, barua iliyosainiwa, na CV yenye anwani, namba za simu na wadhamini watatu wa kuaminika. Anayechuja anashika sifa zilizotajwa kwenye tangazo na kuzioanisha na ulichojaza. Hakuna kisanduku cha rangi. Kenya nako Tume ya Utumishi wa Umma hupokea maombi kwenye tovuti yake, kwa fomu zake yenyewe. Mhasibu anayelipa kutengenezewa CV yenye mawimbi ya bluu kwa ajili ya mlango huu amelipia kitu ambacho hakuna atakayekitazama.

Je, ina maana CV hii haina usanifu? Inao, tena mgumu zaidi, kwa sababu hauna pa kujificha. Tazama kanga: ina pindo, ina mji, ina jina, na hakuna anayehitaji kuelekezwa jicho lianzie wapi na liishie wapi. Ukurasa wa A4, milimita 210 kwa 297, unataka utulivu kama huo, na zana zake ni ukubwa wa herufi, ukolevu wake na nafasi tupu. Jina lako liwe kubwa kuliko vyote, pointi 18 hadi 22. Vichwa vya sehemu viwe vya ukubwa mmoja, pointi 12 au 13. Maandishi ya kawaida pointi 10.5 hadi 11.5. Pembezoni acha sentimita 2 au zaidi kidogo. Na nafasi iliyo juu ya kichwa cha sehemu iwe kubwa kuliko iliyo chini yake, ili jicho lijue kichwa hicho ni cha maneno yanayofuata, si cha yaliyopita. Kwenye CV nyingi zinazochapwa steshenari nafasi hizo mbili zinalingana, na ukurasa mzima unaonekana kama orodha ya madeni.

Kasoro nyingine ya steshenari ni tarehe zilizosukumwa kulia kwa kubonyeza spesi mara nyingi. Kwenye kompyuta ilipochapwa zinakaa mstari mmoja. Kwenye ya mwajiri zinatawanyika. Tumia tab ya kulia, au weka tarehe mwanzoni mwa mstari, na ukimaliza hifadhi kwa PDF. Sababu ya PDF ni hii: Word ilikuwa ikianza na fonti ya Calibri tangu toleo la 2007, kisha mwaka 2023 Microsoft ikatangaza Aptos kuchukua nafasi hiyo. Ukiandika kwa Aptos na ofisi inayopokea ina Word ya zamani, programu inachagua fonti nyingine, mistari inakatika kwingine, na ukurasa wa pili unamwagikia wa tatu. PDF hubeba fonti zake ndani. Wakala wa ajira akiomba Word mahsusi, mpe tu. Mara nyingi anataka kuondoa namba yako ya simu na kuweka nembo yake kabla ya kuipeleka kwa mteja wake.

CV ya Canva

Canva ilizinduliwa Australia mwaka 2013, na kupendwa kwake hakuhitaji maelezo marefu. Inafanya kazi kwenye simu, ina templeti za bure, na mtu ambaye hajawahi kugusa Photoshop anapata ukurasa wa kupendeza kwa jioni moja. Kama unatumia akaunti ya bure, angalia tu usibebe pambo lenye alama ya taji, maana hilo ni la kulipia.

Uzuri huo una gharama, na ya kwanza huioni. Benki, mashirika ya kimataifa, kampuni kubwa na baadhi ya tovuti za ajira hupokea maombi kwa programu inayofungua PDF, inatoa maandishi na kuyagawa: jina hapa, cheo pale, mwaka kule. Programu hizo haziuoni ukurasa kama wewe uuonavyo. Zinafuata mpangilio ambao maneno yamehifadhiwa ndani ya faili. Kwenye CV ya safu mbili, safu ya kushoto yenye simu na lugha inaweza kuchanganyika na ya kulia yenye uzoefu, hadi "Mhasibu Msaidizi" inafuatiwa na "Kiswahili, Kiingereza", na mwaka unahamia kwenye cheo kisicho chake. Aikoni ya simu iliyowekwa badala ya neno "Simu" haisemi kitu. Maneno yaliyo ndani ya picha ni kama hayapo.

Kupima ni rahisi. Ifungue PDF yako kwenye kompyuta, chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye Notepad. Unachokiona hapo kinakaribiana na kile mfumo unachokiona. Kama ni vurugu, usiitume kwenye mfumo. Kama hapakubandikika kitu, huenda wakati wa kupakua uliacha tiki kwenye chaguo la Flatten PDF, ambalo hugeuza ukurasa kuwa picha tupu. Si kila mfumo ni mjinga, mipya mingi husoma safu mbili bila shida. Ila wewe hujui ofisi ile ina upi.

Gharama ya pili inajitokeza siku ya usaili, pale kamati inapotoa nakala kwenye printa ya leza nyeusi. Njano inatoweka. Kijivu chepesi kinatoweka. Ule mkanda wa bluu ya bahari wenye maandishi meupe unakuwa jivu lenye madoa. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zisomeke na watu wote, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na hakuna sababu ya CV kukubali pungufu. Vipo vikokotoo vya bure mtandaoni: unaweka misimbo ya rangi mbili, unapata jibu. Au toa nakala moja nyeusi pale steshenari na uisome ukiwa umenyoosha mkono.

Kisha kuna zile pau za ujuzi, vimistari vilivyojazwa rangi kuonyesha unajua kitu kwa kiasi gani. "Excel 85%." Ya nini? Asilimia 15 iliyobaki ni ipi, na nani aliipima? Pau inachukua nafasi ya sentensi ambayo ingekusaidia: "Naandaa ripoti ya mwezi kwa pivot table na kuoanisha taarifa za benki za matawi manne." Kwa lugha angalau kuna ngazi za Ulaya za A1 hadi C2 ambazo mwajiri wa nje anazielewa. Nyota tatu kati ya tano za Kifaransa hazimwambii chochote.

Na kuna jambo ambalo wauzaji wa templeti hawalisemi: zilizo nzuri zaidi ndizo zinazotumiwa na wengi zaidi. Afisa anayepokea maombi ya nafasi moja ya mapokezi anakutana na mkanda ule ule wa kushoto, picha ile ile ya duara, na "About Me" ile ile, moja baada ya nyingine. Uliichagua ujitofautishe, imekufananisha.

Sasa, inashinda wapi? Inashinda pale ambapo mwenye kuamua ndiye anayeifungua. Mmiliki wa hoteli ndogo Paje, kampuni ya utalii Arusha yenye watu sita, duka la nguo linalouzia Instagram, waandaaji wa harusi, studio ya redio. Hawa hawana mfumo wa kuchuja. Wanapokea kwa WhatsApp, wanatazama kwa simu, na hisia ya kwanza ina uzito kwao kwa sababu biashara yao yenyewe inauza mwonekano. Hata hapo lakini, kumbuka kwamba A4 kwenye simu hupungua hadi herufi za pointi 10 zinakuwa vumbi. Msomaji anakuza kwa vidole viwili. CV ya safu moja akiikuza anaisoma kwa kushuka tu, ya safu mbili inamlazimisha aende kushoto na kulia mpaka achoke.

Kwa hiyo chaguo langu kwa watu wengi ni la katikati: tumia Canva ukipenda, lakini safu moja, rangi moja ya pili iliyokolea kwenye jina na vichwa vya sehemu tu, bila pau, bila aikoni, na tarehe mahali pamoja ukurasa mzima. Inapita kwenye mfumo, inatoka vizuri kwenye printa, na bado ina sura.

Picha: nchi kwa nchi

Suala la picha halina jibu moja. Ukiomba kazi Marekani au Uingereza, usiweke picha, umri, dini wala hali ya ndoa. Waajiri wengi huko hawataki kuonekana wamekuchagua kwa hayo. Ujerumani picha ilikuwa desturi na bado waombaji wengi huiweka, ingawa tangu sheria ya 2006 ya kuzuia ubaguzi mwajiri hatarajiwi kuidai. Nchi za Ghuba ni kinyume: Dubai, Doha au Muscat, CV yenye picha, uraia na hali ya viza ni ya kawaida, na wakala anaweza kukurudishia isiyo navyo. Nyumbani inategemea. Kwenye kazi za kukutana na wageni utaikuta sana, kwenye uhasibu na uhandisi haina kazi yoyote.

Karatasi nayo ina nchi. Marekani na Kanada hutumia Letter, milimita 216 kwa 279, fupi kuliko A4, na mistari ya mwisho ya ukurasa wako inaweza kukatwa wakichapa bila kurekebisha. Anayeomba masomo Ulaya anaweza kukuta anatakiwa kutumia Europass, fomati ya Umoja wa Ulaya iliyoanza 2005. Hapo mjadala wa usanifu umekwisha: jaza kama ilivyo.

Potifolio

Hapa ndipo mwonekano unapolipa kweli, na ndipo watu wanapowekeza kidogo zaidi. CV inasema ulikuwa mbunifu wa wakala fulani kwa miaka mitatu. Potifolio inaweka mezani lebo, bango, programu ya simu au jengo ulilolishughulikia, na msomaji anaamua mwenyewe.

Chombo cha kwanza ni PDF. Kwa soko letu ndicho ningeanza nacho. Kinatumwa WhatsApp, kikishapakuliwa kinafunguka bila bando, na mtu anaweza kumsogezea mwenzake bila kukuuliza. Kama unajua kitatazamwa kwa simu, usitumie A4 ya kulala. Tumia kurasa za wima, mfano pikseli 1080 kwa 1350, picha moja kubwa kwa ukurasa na maneno machache yenye herufi kubwa. Itume kama dokumenti, si kama picha, maana WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kingo za herufi huchakaa. Faili zima likizidi megabaiti tano au sita, watu wataanza kusema watalifungua wakifika kwenye Wi-Fi, na hawatalifungua.

Cha pili ni Behance, tovuti ya kuonyesha kazi za ubunifu, iliyoanzishwa 2005 na kununuliwa na Adobe mwishoni mwa 2012. Ni bure, na faida yake ni kwamba watu wa mbali wanaotafuta mchoraji au mbunifu wanakupata bila wewe kuwatumia kitu. Kwa mbunifu wa Nairobi au Kigali anayewinda wateja wa nje, hilo peke yake linatosha kufungua akaunti. Hasara mbili: kurasa zake ni nzito kwa bando la siku, na ukurasa wako umezungukwa na njia za kwenda kwenye kazi za wengine. Mteja uliyempeleka mwenyewe huko anaweza kutoka na jina la mtu wa São Paulo.

Cha tatu ni tovuti yako, na hapa ndipo neno "chapa binafsi" linapata maana, kwa sababu anwani ni jina lako. Tanzania unaweza kusajili anwani inayoishia .co.tz au .me.tz. Kenya, KeNIC, shirika linalosimamia majina ya tovuti, lina .co.ke na .me.ke, hii ya pili ikiwa imelengwa watu binafsi. Msanidi programu anaweza kuiweka bure GitHub Pages na kulipia jina tu. Wengine hutumia WordPress au Wix. Kinachoua tovuti hizi ni kusahaulika: ada ya mwaka inapita, jina linazimika, na CV uliyokwisha kuitawanya mjini inaelekeza watu kwenye ukurasa wa kosa. Kama huna hakika utalipa mwaka wa tatu, baki na PDF na Behance. Heri kiungo kisichokuwepo kuliko kilichokufa.

Kuhusu ndani yake, kazi nne hadi sita zinatosha, iliyo bora kabisa mwanzoni na ya pili kwa ubora mwishoni. Msomaji anayeruka katikati atakutana na zote mbili. Kila kazi iambatane na maneno machache: mteja alikuwa na tatizo gani, wewe ulifanya sehemu gani, nini kilitokea baadaye. Hiyo "sehemu gani" ndiyo inayowashinda wengi. Kampeni ya kampuni ya simu hufanywa na watu wengi. Ukiweka bango lake kana kwamba ulilifanya peke yako, na aliyepiga picha zile akawa rafiki wa anayekusaili, umekwisha. Andika "nilipanga herufi na rangi, picha na wazo ni za timu." Haikupunguzii kitu, na inamwambia anayesoma kwamba unajua mipaka ya kazi yako.

Wasio wabunifu nao wanaihitaji kuliko wanavyodhani. Mhandisi wa ujenzi: picha ya daraja kabla na baada, na mstari unaosema ulisimamia nini. Mwalimu: mpango wa somo na zana za kufundishia alizozitengeneza kwa maboksi. Mchambuzi wa takwimu: chati mbili zilizosafishwa, kila moja na swali iliyolijibu. Fundi wa makabati ya jikoni pale Keko tayari ana potifolio kwenye simu yake, picha mia tatu zilizochanganyika na za ubatizo. Kazi yake ni kuchagua kumi, kuzipiga upya mchana karibu na dirisha, na kuziweka kwenye katalogi ya WhatsApp Business. Hakuna njia ya bei nafuu zaidi ya kujitangaza kwa mtu wa aina yake, na CV ya aina yoyote haimsaidii.

Muuguzi, daktari na mtu wa ustawi wa jamii wasimame hapo kwanza. Sura ya mgonjwa au mtoto si kazi yako ya kuonyesha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na zote zinataka idhini ya mwenye taarifa. Vivyo hivyo skrini za mfumo wa benki uliousanifu chini ya mkataba wa siri: funika majina na namba, au chora upya mfano wenye takwimu za kubuni na useme ni mfano.

LinkedIn

Nitakuwa mfupi, kwa sababu huko usanifu si wako. Mtandao huu, uliozinduliwa 2003 na kununuliwa na Microsoft 2016, unampa kila mtu ukurasa uleule. Unachoweza kugusa ni picha, bango la juu lenye pikseli 1584 kwa 396, mstari wa utambulisho usiozidi herufi 220, na sehemu ya kubandika kazi zako. Bango usiliache tupu na usilijaze maneno: picha moja ya kazi yako halisi inatosha, ukikumbuka kwamba kona ya chini kushoto hufunikwa na picha ya uso.

Una faida kwa anayelenga mashirika ya kimataifa, kampuni za teknolojia na waajiri wa nje, ambao hukutafuta huko baada ya kuona CV. Kwa kazi za serikali au biashara ndogo ya mtaani hauongezi mengi. Na usiipakue PDF yake ukaituma kama CV. Ina sura ya risiti.

Kwa haraka

| | Mfumo wa maombi | Printa nyeusi ya ofisi | Simu ya mteja | Kinachogharimu |
|---|---|---|---|---|
| CV ya maandishi | Bora kabisa | Bora kabisa | Inasomeka, haivutii | Muda wa kuhariri |
| Canva, safu mbili na michoro | Hatari | Hutegemea rangi | Inavutia, husumbua kukuza | Kufanana na wengine |
| Canva, safu moja | Nzuri, jaribu Notepad kwanza | Nzuri | Nzuri | Nidhamu ya kuacha mapambo |
| Potifolio ya PDF | Kama kiambatisho tu | Haifai | Bora kabisa | Kuchagua na kupiga picha upya |
| Tovuti yako | Kiungo tu | Haifai | Nzuri ikiwa nyepesi | Ada ya kila mwaka |
| LinkedIn | Kiungo tu | Haifai | Nzuri | Kuuhuisha |

Mhitimu wa uhasibu anayeomba serikalini na benki asitengeneze kingine zaidi ya CV ya maandishi, na muda uliobaki autumie kwenye barua ya maombi. Mbunifu wa michoro anahitaji zote mbili, CV ya safu moja yenye kiungo na potifolio, na asikubali kishawishi cha kuigeuza CV kuwa bango. Mwajiri wake atapima usanifu kwenye potifolio, kwenye CV anatafuta tarehe. Anayekwenda Ghuba kufanya kazi ya hoteli aweke picha safi na asihangaike na tovuti. Mpiga picha wa harusi aweke fedha zake zote kwenye potifolio na asahau CV mpaka atakapoitwa kwenye zabuni.

Msimbo wa QR ninauona umeanza kubandikwa kwenye CV. Kampuni ya Denso ya Japani iliuunda mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari, na kwenye kadi ya biashara au kwenye nakala ya karatasi una maana. Kwenye PDF ambayo mtu anaisoma kwa simu, atauskani kwa kutumia nini? Weka kiungo kinachobonyezeka, kifupi, chenye jina lako.

Hilo jina nalo liamue mapema. Vyeti vyetu vina majina matatu, mitandaoni mtu anatumia la utani, na kwenye kadi ameweka mawili. Kwa mteja wa studio halina neno. Kwa ajira rasmi, CV ibebe majina kama yalivyo kwenye cheti na kitambulisho cha taifa, na kama yanatofautiana, hati ya kiapo iwe tayari. Jina la kisanii likae kwenye potifolio, na CV ilitaje mara moja karibu na kiungo ili anayebofya asidhani amefika kwa mtu mwingine.

Ukishakuwa na vyombo viwili au vitatu, shida mpya ni tarehe kupishana. LinkedIn inasema uliondoka Machi, CV inasema Juni, potifolio haijui kama uliondoka. Anayekagua huanzia hapo. Weka dokumenti moja isiyo na pambo lolote yenye kila kazi, mwezi na mwaka wake, cheo rasmi na jina la msimamizi, na usimtumie mtu yeyote. Vingine vyote vichote humo. Ukibadilisha kazi, rekebisha hiyo kwanza, kisha LinkedIn, kisha CV. Potifolio itasubiri mpaka mwajiri mpya akuruhusu kuonyesha ulichofanya.